Namna ya Kumpendekezea Mtu Muziki Mpya Usiojulikana Sana

Mtu akigundua wimbo mzuri ambao wengi hawajausikia, hutamani kila amjuaye ausikie siku hiyohiyo, na papo hapo ndipo anapoharibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimjazia shangazi yangu wa Newala nyimbo 20 kwenye kadi ya memori, nikichanganya singeli, taarabu, kwaya na muziki wa kielektroniki wa Nairobi, kwa imani kwamba katika wingi huo hatakosa chake. Nilipokwenda kumsalimu msimu wa korosho nilikuta amesikiliza mbili za mwanzo, akarudi kwenye nyimbo zake za zamani. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo napendekeza wimbo mmoja kwa mtu mmoja, tena nikianzia kwenye jambo ambalo masikio yake yamekwisha kulizoea.

Anza basi kwa kumjua msikilizaji. Ukimuuliza kijana wa Mtwara mjini anapenda muziki gani, atakujibu Bongo Fleva au singeli, na jibu hilo halikusaidii, kwa kuwa ndani ya kila aina mna mambo mengi na kila mtu hushika lake. Muulize ni wimbo upi ukipigwa humfanya aache alichokuwa akikifanya, halafu muulize ni pale panapotokea nini: sauti ya mwimbaji, maneno, besi, au waitikiaji? Ikiwezekana, mtazame kwenye shughuli. Yule ambaye husimama pale waimbaji wanaponyamaza na kuziachia ngoma peke yake amekwisha kukwambia anachokitaka.

Ukishalijua jambo hilo moja, tafuta muziki mgeni ulio nalo, hata kama mengine yote ni mageni kwake. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na sisi wa kusini mwa Tanzania tuna bahati ya kuwa na pa kuanzia pengi. Chukua mapiko, ngoma ya kinyago ya Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Ngoma humsemesha mchezaji, naye huzijibu kwa miguu na mabega. Watoto humkimbia wakipiga mayowe, kisha hurudi kumtazama, maana hofu ile ina utamu wake. Mtu aliyekua akiupenda utamu huo nisingesita kumpa Lord Spikeheart wa Kenya, ambaye albamu yake *The Adept* ya mwaka 2024 imejaa sauti za kunguruma na midundo mikali ya roki nzito iitwayo metali. Mtu asiyeupenda utamu huo nisingemwanzishia na muziki huu.

Kwa kijana wa singeli njia ni fupi zaidi, ila ina mtego wake: anadhani anaijua singeli yote. Mpe *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko, iliyotolewa mwaka 2024 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na umwombe akifuate kinanda cha Maiko badala ya kumngojea mghani. Kwa mzee wa Mikindani aliyezoea dufu za maulidi, vuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala hadi pwani ya kaskazini ya Msumbiji, umtafutie tufo, ngoma ya kuimba na kucheza ya akina mama, ambayo nayo hupigwa kwa ngoma za namna hiyo na ina asili ya Kiislamu. Aliye mgumu kuliko wote ni mtu wa kumpa muziki usio na mdundo, kama ule wa KMRU wa Nairobi katika albamu *Peel* ya mwaka 2020, ambamo sauti huvimba na kupungua polepole. Huyo mtafute miongoni mwa watu wanaopenda kukaa kimya wakisikiliza mvua juu ya bati.

Shangazi yangu alinifunza zaidi kuliko wote. Niligundua kwamba hupenda sauti za wanawake zinapoitikiana, basi nikampelekea wimbo mmoja tu wa The Zawose Queens, yaani Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, waliotoa albamu *Maisha* mwaka 2024. Wimbo huo ni wa Kigogo, lugha ambayo shangazi haijui hata neno. Aliusikiliza akibangua korosho, akaurudia mara tatu, kisha akasema, "Baba, hawa wanaitikiana kama sisi kule ndani." Akaishia hapo, kwa kuwa ya unyagoni hayasemwi mbele ya mtoto wa kiume.

Maneno ya kuusindikiza wimbo yawe machache, lakini yawepo. Kusema "huu ni mkali sana" hakumpi msikilizaji kitu cha kushika; mwambie asikilize nini, na umtahadharishe mapema juu ya lile litakalomsumbua. Mimi nilimwandikia hivi: "Shikamoo shangazi. Nimekuletea wimbo mmoja wa akina mama wa Kigogo. Lugha isikuhangaishe, sikiliza tu wanavyopokezana." Usitaje tuzo, wala usimwambie kwamba Ulaya wanaupenda, kwa sababu sifa za namna hiyo humfanya mtu aone aibu kusema kwamba hakuupenda, nawe unauhitaji ukweli wake.

Fikiria pia atausikilizia wapi. Spika ya simu humeza besi, kwa hiyo wimbo unaotegemea besi usikilizwe kwenye spika kubwa, na ule wa sauti nyororo usikilizwe kwa visikilizio. Safari ya basi kutoka Mtwara kwenda Masasi kupitia Mingoyo inafaa sana kwa albamu nzima, ikiwa dereva hajafungulia muziki wake. Kama bando ni tatizo, mpe simu yako asikilize mbele yako.

Ili uwe na cha kupendekeza, nawe huna budi kutafuta. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, hutangaza majina ya wasanii wake. Chagua yale usiyoyajua, uyasikilize moja baada ya jingine. Katika tovuti ya Bandcamp, albamu nyingi unaweza kuzisikiliza kabla ya kununua, na ukiipata lebo moja inayokupendeza, itakufikisha kwa wasanii wengine. Vikundi vya ngoma vya mtaani kwako usivisahau. Omba ruhusa ndipo urekodi.

Kila mara toa jina la msanii pamoja na wimbo. Katika vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye simu, faili nyingi hubaki na namba tupu, na wimbo usio na jina hauwezi kumfikisha mtu kwenye wimbo wa pili, wala kumfikishia msanii shilingi yake. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999; nami naona ni afadhali kumtumia mtu kiungo cha mahali wimbo unapouzwa kuliko kumgawia nakala.

Ukishaukabidhi, ngoja. Baada ya wiki moja uliza ni sehemu ipi iliyombaki kichwani, wala usiulize kama aliupenda. Akikujibu kwamba aliuzima, mwulize aliuzima ulipofika wapi, kwa kuwa mahali hapo ndipo utakapojua wimbo unaofuata uepuke nini. Kisha mwombe naye akupe wimbo wake mmoja, uusikilize wote hadi mwisho kabla hujampa mwingine.