Kuonja kisansa ya Zirobwe ikiwa peke yake

Nyumbani kwetu Bombo, Uganda, kahawa hunukia tangawizi kabla haijanukia kahawa. Nimelelewa hivyo na bado naipenda hivyo. Ndiyo maana mjomba aliponiletea kilo mbili za kahawa ya kisansa kutoka shambani kwake karibu na Zirobwe, nilizikaanga kilo moja mpaka zikawa nyeusi, nikatwanga pamoja na tangawizi, nikatia sukari, nikawaandalia wageni. Wakasifu tangawizi. Kahawa hakuna aliyeitaja. Iliniuma, kwa sababu nami sikuwa na neno la kusema juu yake. Ninayoyaeleza hapa nilianza kuyajifunza kwa kilo ile iliyobaki.

Kisansa ni jina la Kiganda la kahawa inayoitwa excelsa na wataalamu. Si robusta, wala si arabika ya Mlima Elgon. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa aina ya kahawa nyingine, liberica, mpaka mwaka 2025 watafiti, wakiwamo wa bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, walipoitenga kuwa spishi kamili, Coffea dewevrei. Mti wake usipokatwa hurefuka kupita paa la nyumba, na jani lake ni kubwa kuliko la robusta. Kuianika na kuikoboa ni kazi.

Kazi ya kuionja huanzia shambani, kwa sababu kisansa hupotelea kwenye gunia. Mkulima ana miti michache mpakani mwa shamba. Anaichuma pamoja na robusta, anaianika kwenye turubai moja, na mnunuzi wa kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa bila kukobolewa, anapima yote kwa bei moja. Mwaka mmoja nilinunua kwa mfanyabiashara aliyeniapia kuwa ni kisansa tupu. Kwenye kikaango punje nyingine zilikuwa zimeshakolea, nyingine bado za manjano. Tangu siku hiyo sinunui kisansa ambayo mti wake sijauona.

Basi nenda kwa mkulima mwenyewe, na mapema, kabla ya mavuno. Mimi nilimwambia mjomba, "Naomba hii uichume peke yake, zilizoiva tu."

"Mwanangu, utanilipa bei ya robusta?"

"Nitakuongezea, mjomba."

Alicheka, lakini alichuma madebe mawili. Tulianika juu ya kichanja, si chini kwenye udongo, maana kahawa hunywa harufu ya mahali ilipolala. Tuligeuza kutwa na kufunika usiku. Robusta yake ilikuwa imeshakauka na kuondoka, kisansa bado ikitoa sauti ya unyevu ukiitikisa. Usiiharakishe. Ikikobolewa mbichi itaota ukungu, na ladha ya ukungu haiondoki hata ukaange vipi.

Kwa kiasi kidogo, kinu na mchi vinatosha. Twanga taratibu, pepeta, kisha kaa na ungo penye mwanga uchambue. Toa punje nyeusi, zilizovunjika, zenye matundu ya wadudu. Punje moja iliyooza inaweza kuharibu bilauri nzima, nawe ukadhani hiyo ndiyo ladha ya kisansa.

Kwenye kukaanga ndipo tunapoipoteza wengi wetu. Tumia kikaango kizito juu ya sigiri, makaa yakiwa yamekolea bila moshi. Weka gramu 150 hivi, zisizidi, na mwiko usisimame. Buni itageuka manjano na kunukia kama nyasi kavu, halafu mkate unaookwa, halafu itaanza kupasuka kama bisi zilizo mbali. Kwenye sigiri yangu hilo hutokea kwenye dakika ya tisa au ya kumi. Mlio ukianza, hesabu dakika moja, moja na nusu ukizidi sana, kisha imwage kwenye ungo na uipepee kwa nguvu mpaka ipoe. Rangi iwe ya udongo wa kichuguu. Ukiona mafuta yanang'aa juu ya punje, umepita. Kahawa nyeusi kabisa zinafanana zote, iwe kisansa au nyingine yoyote, kwa kuwa unachoonja hapo ni moto.

Iache usiku mzima kabla ya kuionja.

Kesho yake tafuta bilauri mbili zinazolingana. Moja ni ya kisansa, nyingine ya robusta ya shamba lilelile, iliyokaangwa vilevile. Ulimi peke yake hausemi mengi mpaka uwe na cha kulinganisha. Kwa bilauri ya mililita 200, pima gramu 11 za kahawa iliyosagwa kama mchanga wa mtoni. Nusa ikiwa kavu. Chemsha maji safi yasiyo na harufu ya dawa. Huku kwetu tuko juu ya mita 1,100, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo epua, subiri nusu dakika, mimina mpaka juu. Usikoroge.

Dakika nne zikitimia, utaona ukoko wa kahawa umeelea. Sogeza pua karibu kabisa, uvunje ukoko kwa kijiko, uvute pumzi. Harufu kubwa kuliko zote hutoka wakati huo na hairudi tena. Engua povu, kisha vumilia mpaka dakika ya kumi au kumi na mbili. Chota kijiko, uvute kwa kelele. Mezani ni utovu wa adabu, najua, lakini mvuto huo hutawanya kahawa ulimini kote na kupandisha harufu puani.

Ikiwa bado ya moto, kisansa haisemi sana. Utaona tu kuwa ni nyepesi mdomoni na uchungu wake ni mdogo. Hata kafeini yake ni pungufu kuliko ya robusta. Wengi huishia hapo wakaiweka chini. Usiiweke. Rudia kila baada ya dakika tano. Ikifika uvuguvugu ndipo fenesi linapotokea: harufu ile ya fenesi lililoiva likipasuliwa uani na nyumba nzima ikajua. Nyuma yake kuna uchachu kidogo, kama ukwaju uliolowekwa, na mwishoni kakao. Andika unachokipata kwa majina ya vitu unavyokula mwenyewe. Nimeona watu wakitaja matunda ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyatia mdomoni, kwa kuwa wamesikia wanaojua wakiyataja.

Robusta iliyo pembeni itakuwa nzito, yenye karanga zilizokaangwa na uchungu unaokaa. Siisemi vibaya. Ni ya hapa hapa, ipo mwituni katika msitu wa Kibale, na Waganda waliitafuna kabla ya kuichemsha. Wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Tangawizi yangu sasa naitia humo, na inakaa vizuri.

Ukishazijua zote mbili, jipime. Mtu akuandalie bilauri tatu, mbili za aina moja na ya tatu tofauti, usione anavyomimina. Tafuta iliyo tofauti.

Mjomba nilimpima hivyo hivyo, barazani kwake. Amelima kahawa maisha yake yote na hakuwa ameionja kisansa yake hata siku moja ikiwa peke yake. Alipitia bilauri ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza, akakaa na ya tatu muda mrefu. "Hii ina fenesi," akasema. Sikuwa nimemtajia fenesi. Msimu uliofuata nilikuta kila mti wa kisansa pale mpakani umefungwa ukanda wa kamba ya mgomba, na wachumaji wamepewa ndoo ya pili.