Maneno matano kwa siku: jinsi ya kujijengea msamiati wa Kiingereza

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kata mkoani Morogoro. Kila Januari napokea watoto wa Kidato cha Kwanza ambao shule ya msingi walisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, na ghafla Baiolojia, Jiografia na Historia zinawajia kwa Kiingereza. Akili wanazo. Wanachokosa ni maneno, na maneno anaweza kuyapata hata mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu janja wala kitabu cha ziada. Haya ninayoyaeleza ndiyo ninayowafanyisha. Dereva wa watalii au mtu anayejiandaa na usaili wa kazi anaweza kuyafuata vilevile.

Chukua maneno matano kwa siku, siku sita kwa wiki. Siku ya saba iwe ya marudio tu. Nayataka yawe machache kwa sababu kila moja nitalidai kazi. Kwa mwaka yanavuka 1,500. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 ambayo Kiingereza kinayategemea zaidi. Orodha yenyewe imezeeka, lakini msingi wake uko palepale: maneno machache hujirudia mno, nayo ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya kila ukurasa. Ndiyo maana siwashauri wanafunzi wangu vile vijitabu vya maneno magumu vinavyouzwa stendi. Mtoto anakariri "magnanimous" kabla hajajua "although", "enough" na "instead". Haya matatu atakutana nayo leo, kesho na kwenye mtihani. Lile la kwanza huenda asilione mpaka amalize shule.

Maneno ya kujifunza yatoke kwenye kile unachokisoma au kukisikia. Neno likikukwamisha mara moja, lipite. Likikukwamisha mara ya pili, liandike. Dereva ayatafute kwenye vipeperushi vya hifadhi ya Mikumi na kwenye maswali ya wageni wake. Mwanafunzi aanzie kwenye karatasi za mitihani iliyopita, tena kwenye vitenzi vinavyobeba swali. Hapo huwa nakaa wiki nzima, maana nimesahihisha majibu mengi yenye maarifa mazuri yaliyokosa alama kwa sababu mwanafunzi alijibu swali ambalo hakuulizwa.

"State" inataka utaje jambo kwa sentensi fupi, basi. "Outline" inataka mambo makuu, bila kuyachambua moja moja. "Describe" inataka useme kitu kikoje: umbo lake, sehemu zake, hatua zake. "Explain" inataka sababu, kwa nini na kwa namna gani. Ukiulizwa "Explain" ukaishia kutaja, umeacha alama mezani. "Distinguish" inataka vitu viwili viwekwe pamoja uonyeshe vinapoachana, si kueleza kimoja aya nzima na kingine aya nyingine. Na "account for" naifundisha mapema kwa makusudi: mtoto anajua "account" ya benki, anajua "for", lakini yakikaa pamoja maana yake ni toa sababu za jambo. Maneno mawili yakizoea kutembea pamoja, yahesabu kama neno moja.

Sasa daftari. Nunua kaunta buku moja, ya kazi hii tu. Usiandike neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia halafu ukaridhika. Ukurasa wa namna hiyo unapendeza machoni lakini hauingii kichwani. Kwa kila neno andika sentensi ulimolikuta, kama ilivyo. Chini yake andika maana kwa Kiswahili. Kisha andika maneno yanayoandamana nalo, na mwisho sentensi yako mwenyewe yenye jambo la kweli la maisha yako. Chukua "borrow" na "lend", ambayo watu wazima wenye shahada bado huyachanganya. Mswahili hana sababu ya kuyachanganya, kwa kuwa tunatofautisha kukopa na kukopesha kila siku dukani. "Borrow" ni kukopa au kuazima, nayo huandamana na "from". "Lend" ni kukopesha au kuazimisha, nayo huandamana na "to". Mwanafunzi wangu mmoja aliandika: "My aunt borrowed a bucket from our neighbour and has not returned it." Ndoo ile ilikuwa ya kweli, na sidhani kama atalisahau neno hilo.

Hayo maneno yanayoandamana ndiyo nusu ya lugha, tafadhali usiyaruke. Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Kitenzi kimoja kinafanya kazi zote. Kiingereza kinagawa: "take a photo", "make a call", "cast a vote", "iron clothes", "brush your teeth". Sisi tunakunywa dawa, wao husema "take medicine", hata kama ni kidonge. Ukijifunza "photo" peke yake, siku ya kusema utakosa kitenzi cha kuipeleka mbele.

Kisha angalia ukoo wa neno. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anaanza na mtaji, kwa kuwa uambishaji tunao damuni: soma, somesha, someka, msomaji. Kiingereza nacho kina "read", "reader", "readable", "reread". Muulize mtoto "un-" inafanya nini katika "unhappy" na "unable", atakuambia mwenyewe kuwa inakanusha. Katika masomo ya sayansi faida ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno mengi yameundwa kwa vipande vya Kigiriki. "Photo" ni mwanga, "thermo" ni joto, "hydro" ni maji, "geo" ni ardhi, "bio" ni uhai, "-meter" ni kipimo, "-logy" ni elimu ya kitu. Ukivijua hivyo, "thermometer" na "geology" havikutishi tena, na "photosynthesis" inakuambia yenyewe kwamba mwanga umo ndani yake.

Matamshi usiyaache mpaka mwisho. Kwetu mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza hakina utaratibu huo. "Photograph" inakazwa mwanzoni, "photographer" inakazwa kwenye "to". "Record" ikiwa nomino inakazwa mwanzoni, ikiwa kitenzi inakazwa mwishoni. Kamusi nzuri huweka kimstari kidogo juu; silabi inayokifuata ndiyo ya kukazwa. Ipigie mstari kwenye daftari, kisha tamka kwa sauti. Kama huna kamusi, maktaba ya mkoa inazo, na mwalimu wako naye yupo.

Kazi iliyobaki ni kupambana na kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua. Kwa hiyo marudio ya kwanza yafanyike siku hiyohiyo jioni, ya pili kesho yake, kisha uachie nafasi izidi kurefuka. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, katika miaka ya 1970 aliliwekea jambo hili sanduku la kadi, nasi darasani tunatengeneza kwa boksi la viatu. Kata karatasi ya manila vipande vidogo. Mbele andika sentensi yako ukiacha pengo mahali pa neno. Nyuma andika neno lenyewe. Gawa boksi vyumba vitatu. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukiipata, inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena, inakwenda cha tatu, cha mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote, inarudi cha kwanza.

Jambo la muhimu kabisa ni kuligeuza jibu lifichike. Kusoma daftari juu juu kunakupa hisia kwamba unajua, kwa sababu jibu liko mbele ya macho. Jilazimishe kulitafuta kichwani kwanza, hata kama dakika nzima inapita kimya.

Jioni, kabla ya kulala, mweleze mtu yeyote siku yako ilivyokwenda kwa kutumia maneno matatu kati ya yale matano. Kama nyumbani hakuna anayejua Kiingereza, andika mistari minne.

Siku ya saba fanyeni wawili wawili. Mmoja ashike boksi la mwenzake, asome sentensi kwa sauti na kunyamaza kwenye pengo. Mwenzake ataje neno, aonyeshe mkazo, kisha atoe sentensi nyingine mpya ambayo haimo kwenye kadi. Akitaja neno akashindwa kutoa sentensi, kadi ihesabiwe imekosewa na irudi chumba cha kwanza. Jumatatu ataanza na hiyo kabla hajachukua neno jipya.