Somo: Pima kama gurudumu ni duara kabla hujalipia balansi tena

Gari langu, Toyota Premio, lilianza kutikisa usukani baada ya kuingia shimo karibu na Lukaya, njia ya Masaka. Nikafanya balansi mara mbili Kampala, na kila nikigonga kilomita 80 kwa saa mtikisiko ni uleule. Balansi husawazisha uzito tu. Gurudumu lisilo duara utalibandika risasi (vile vipande vya uzito vya balansi) mpaka uchoke, litaendelea kuruka.

1. Jaza upepo sawasawa, endesha kilomita kumi hivi, kisha inua gari papo hapo. Tairi lililolala usiku kucha hubonyea chini na kipimo kitakudanganya.

2. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka stendi, gia huru. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, anza na beringi.

3. Bandika tepu kuzunguka katikati ya kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara) ili ncha ya saa ya kupimia, kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu za milimita, isidundedunde. Zungusha polepole, weka sufuri pale palipo chini kabisa, kisha tafuta palipopanda zaidi na upatie alama ya chaki. Rudia ubavuni, ukikwepa maandishi.

4. Pima ukingo wa rimu vivyo hivyo.

Kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi, ila kwa kawaida tofauti kati ya palipo chini na palipopanda kwa rimu ya alumini isizidi milimita 0.8 hivi, ya chuma 1.2, na tairi likiwa juu yake 1.5.

Langu lilisoma 1.9, rimu ya chuma 0.6. Tulitoa upepo, tukageuza tairi nusu duara juu ya rimu: 0.8! Balansi ya tatu ndiyo iliyoshika.

Maswali

*Mwalimu, sina hiyo saa.*
Funga bisibisi kwenye stendi nzito, ncha ikaribie tairi bila kuligusa, upime mwanya kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) unapozungusha. Kinachozidi milimita moja utakiona.

*Niko Gulu. Gari hutetemeka nikitoka marram (barabara ya udongo) wakati wa mvua tu.*
Chungulia ndani ya rimu, ndugu. Tope likikauka upande mmoja ni uzito tosha. Osha kwanza.

*Rimu ya alumini imepinda, fundi anataka kuichoma moto aigonge nyundo.*
Usikubali, tafadhali. Moto wa kukisia hulegeza alumini, na nyundo huacha ufa usioonekana. Tafuta rimu nyingine.