Namna ya Kutunza Chombo cha Jadi Pamoja na Kazi Yake

Ukirithi chombo cha jadi, usikimbilie kukiosha wala kukipaka vanishi. Keti nacho mahali penye mwanga, ukishike, ukinuse. Ekyanzi, chombo cha maziwa cha Wanyankole wa magharibi mwa Uganda kilichochongwa kwa mbao, chenye shingo nyembamba na kifuniko cha kusukwa, hubeba harufu ya moshi wa nyasi ambazo hukifukizia kabla ya kutia maziwa. Shangazi yangu alipokiona changu juu ya kabati la sebuleni, alikifunua, akaingiza pua, akasema, "Hiki hakijafukizwa siku nyingi." Nilikuwa nimetunza mbao iliyochongwa vizuri, basi.

Kwa hiyo tafuta kwanza mtu aliyewahi kukitumia chombo chako. Usimwombe akusimulie, mkabidhi, umwombe afanye, kwa sababu mikono hukumbuka mambo ambayo ulimi hauoni haja ya kuyataja. Rekodi kwa simu tangu maandalizi: nyasi zinakatwa wapi, nani anaruhusiwa kushika, nini husemwa na wakati gani. Andika kila jina katika lugha ya wenyewe kabla ya kulitafutia Kiswahili.

Kisha uliza kama chombo hicho kina wenzake. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Bigwala za Wasoga, wa mashariki mwa Uganda, ni baragumu za vibuyu, na kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo hupatikana pale wapigaji watano au zaidi, wenye vibuyu vya ukubwa tofauti, wanapopokezana sauti zao kwa zamu, huku ngoma na wachezaji wakifuata. Ukitundika baragumu moja ukutani, hujahifadhi hata sehemu ya tano ya wimbo. Baada ya falme za Uganda kufutwa na Katiba ya mwaka 1967, sherehe za kifalme zilizokuwa zikiwakutanisha wapigaji hao zilikoma, na kufikia mwaka 2012 UNESCO iliiingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ukiwa na kimoja, basi, andika pia wengine wangapi walihitajika na walisimama wapi.

Fuatilia na malighafi. Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, hutegemea fundi anayejua kubandua gome msimu wa mvua, kulitwanga kwa nyundo za mbao zenye mifuo, na kulifunga shina majani ya mgomba ili gome jipya liote. Ikiwa una nafasi ya kupanda mutuba mmoja, upande. Naamini utafaa kuliko fremu ya kioo.

Nguvu ya desturi ilionekana Kasubi, Kampala. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba kuu la makaburi ya Makabaka (wafalme wa Buganda), liitwalo Muzibu Azaala Mpanga. Lililoungua halikurudi, lakini ujuzi wa kuezeka ulikuwa bado hai katika ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kazi hiyo; jumba likajengwa upya, na mwaka 2023 mahali hapo paliondolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lau moto ungelikuta paa zima na waezekaji wameisha, ni nani angelijua pa kuanzia?

Pale ambapo desturi imekoma kabisa, sema hivyo kwenye kibandiko: kilitumika kwa kazi gani, kiliachwa lini, kwa sababu gani. Chombo kitabaki shahidi, na ushahidi una thamani yake, ila usimdanganye mgeni kwamba bado kinafanya kazi.

Pale inapowezekana, kirudishe kazini kwa siku inayojulikana. Kwetu hukifukiza ekyanzi kila shangazi anapotutembelea: yeye hukishika, mimi huleta nyasi, na mpwa wangu hurekodi mpaka shangazi amwambie aweke simu chini, asogee, akipokee.