Raba za mlango wa gereji kwenye mvua isiyokatika: kukagua, kusafisha na kubadilisha

Kazi yangu ni milango ya gereji huku Kent, kusini mwa Seattle, Marekani. Kila ikifika Oktoba napigiwa simu na Wakenya, Watanzania na Wakongo walionunua nyumba maeneo haya, na maneno huwa yaleyale: fundi, maji yanaingia gereji, njoo unibadilishie raba. Mara nyingi nikifika nakuta raba haina kosa.

Seattle hupata mvua ya kama milimita 950 hadi 1,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kiasi hicho na kupita kidogo. Tofauti ni namna inavyonyesha. Masika hushuka kwa kishindo, halafu jua linatoka na kila kitu kinakauka. Huku ni manyunyu kuanzia Oktoba hadi Machi, na kitu kilicholowa Novemba kinaweza kukaa na unyevu hadi Aprili. Mvua yenyewe haiiharibu raba. Kinachoiharibu ni takataka zilizolowa zikakaa chini yake miezi mitano.

Maelezo haya ni ya mlango wa vipande unaopanda hadi darini, wenye raba ya chini inayokalia zege, na raba za pembeni na za juu zilizopigiliwa kwenye fremu.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanapita wapi

Usinunue chochote kwanza. Subiri mchana wenye mwanga, ingia gereji, funga mlango, zima taa, kaa dakika mbili macho yazoee giza. Mwanga ukipenya chini au pembeni, upepo unapenya hapohapo na mvua ya upepo pia. Tia alama kwa chaki.

Kisha chukua karatasi ya kawaida, iweke sakafuni chini ya mlango, funga, ivute. Ikitoka kwa kukazana, raba inakaa vizuri. Ikiteleza bila kushikwa, hapo pana mwanya. Pima kila baada ya futi moja. Kona mbili za chini, pale raba ya pembeni inapokutana na ya chini, zipime mara mbili, kwa sababu ndiko ninakokuta uvujaji mwingi.

Mvua inaponyesha, toka nje uangalie. Mama mmoja alikuwa ameshabadilishiwa raba mara mbili na mafundi wawili tofauti. Nilisimama kwenye mvua mbele ya mlango wake kama dakika kumi. Gata la juu ya mlango, yaani mfereji unaokusanya maji ya paa, lilikuwa limejaa majani ya misonobari, maji yanafurika ukingoni na kuanguka futi moja tu kutoka mlangoni, yanaruka na kupiga chini ya raba. Nilipanda ngazi, nikatoa uchafu uliojaza ndoo, na gereji yake ikakauka kwa raba ileile ya zamani.

Hili nalirudia kwa kila mteja: raba inazuia mvua inayopeperushwa, baridi, vumbi na panya. Maji yanayotiririka kuja mlangoni haiyazuii. Kama njia ya gari inateremka kuelekea gereji, unahitaji mtaro wenye chuma cha wavu mbele ya mlango, na hakuna raba itakayofanya kazi ya mtaro.

Hatua ya 2: Safisha

Ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa na burashi laini. Inua mlango kwa mota hadi usawa wa kifua, kisha chomoa mota kwenye umeme. Futa raba ya chini pande zote mbili, na ingiza kidole ndani ya mikunjo yake. Utatoa mchanga, kuvu ya kijani na pengine mbegu zilizoanza kuota. Mchanga huo ndio unaoisaga raba kila mlango unapofungwa.

Sakafu pale raba inapokalia isugue kwa burashi ngumu. Kuvu ikiachwa kwenye zege hurudi kwenye raba baada ya wiki chache.

Ikikauka, paka silikoni ya kupulizia: pulizia kwenye kitambaa, kisha pitisha kitambaa kwenye raba. Usitumie grisi, oili ya injini, wala dawa za kulegeza kutu zenye mafuta ya petroli. Miaka ya mwanzo nilipaka mafuta ya aina hiyo kwenye mlango wa mteja nikidhani ninailainisha raba. Miezi michache baadaye ilikuwa imevimba na kulegea kama mkate uliolowa, na niliibadilisha kwa pesa yangu.

Silikoni ina faida nyingine usiku wa Januari kukiganda: raba hainati kwenye zege. Ukikuta imenata, usiendelee kubonyeza rimoti. Mota ina nguvu ya kuichana. Ikwangue taratibu kwa mwiko wa plastiki hadi iachie.

Hatua ya 3: Amua kama ibadilishwe

Ikunje kwa vidole. Raba nzima hurudi ilivyokuwa. Iliyokufa hubaki imekunjika au huonyesha nyufa ndogondogo. Raba za plastiki ya PVC hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo nafunga za EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, ambazo hubaki laini hata kukiganda. Bei yake imezidi kidogo, lakini kwa hali ya hewa ya huku sifungi nyingine.

Hatua ya 4: Badilisha raba ya chini

Onyo kwanza. Kwenye kona za chini za mlango kuna vyuma vinavyoshika waya za kunyanyulia, na mara nyingi boliti zake zimepakwa rangi nyekundu. Waya hizo zimevutwa na springi zinazobeba uzito wa mlango mzima. Usiziguse boliti hizo kamwe. Watu wamevunjika mikono hapo.

Tazama ncha ya reli ya alumini iliyo chini ya mlango. Utaona mifereji miwili, na raba imeingia kwa vichwa vyenye umbo la T. Pima upana wa kichwa hicho: kwa kawaida ni robo inchi (milimita 6) au inchi 5 kwa 16 (milimita 8). Tofauti ni milimita 2 tu, lakini kubwa haiingii na ndogo inachomoka. Kata kipande kifupi cha raba ya zamani uende nacho dukani.

Mlango ukiwa usawa wa kifua na mota imechomolewa, bana koleo la kujifunga kwenye njia ya magurudumu, chini kidogo ya gurudumu, kulia na kushoto, ili usishuke kwa bahati mbaya. Vuta raba ya zamani itoke. Safisha mifereji kwa bisibisi bapa na kitambaa, kisha pulizia maji ya sabuni.

Hapa tafuta mwenzako. Mlango wa magari mawili una futi 16, karibu mita 5, na ukiwa peke yako raba itajikunja katikati na kukwama. Mmoja anavuta, mwingine analisha na kuhakikisha vichwa vyote viwili viko ndani ya mifereji yake. Ikishafika mwisho, irudishe nyuma kidogo kwa mikono, maana imevutika na baadaye itajirudi. Acha inchi moja ya ziada kila upande kabla ya kukata. Minya ncha za reli kwa koleo ili raba isitembee.

Hatua ya 5: Raba za pembeni na juu

Ng'oa ya zamani, kisha choma mbao ya fremu kwa bisibisi karibu na sakafu. Bisibisi ikizama, mbao imeoza na lazima irekebishwe kwanza. Funga mlango. Weka ubao mpya wenye ulimi wa raba ukigusa mlango kiasi cha ulimi huo kupinda kidogo tu. Ukiubana sana, mota itahangaika na ulimi utachakaa. Anza na wa juu, kisha za pembeni. Mbao ya fremu iachwe kama sentimita moja juu ya zege isifyonze maji, ila ulimi wa raba ufike hadi chini.

Hatua ya 6: Pima usalama

Raba mpya ni nene, kwa hiyo mota inaweza kudhani imegonga kitu na kurudisha mlango juu. Rekebisha kikomo cha kushuka, yaani pale mota inaposimamisha mlango chini, kidogokidogo, bila kuongeza nguvu ya mota ovyo. Kisha laza sakafuni ubao wenye unene wa kama inchi moja na nusu, ufunge mlango. Ukigusa ubao lazima urudi juu. Usiporudi, usiutumie hadi fundi auone. Futa pia vijicho viwili vya usalama karibu na sakafu, ambavyo Marekani vimekuwa sharti kwenye mota zilizotengenezwa tangu 1993. Buibui na ukungu huvifunika sana msimu wa mvua.

Wengi huniuliza kuhusu kizingiti cha raba cha kugundishwa sakafuni. Sakafu nyingi za gereji zimeinamia mlangoni ili maji yanayodondoka kwenye gari yatoke nje, na kizingiti hicho huyazuia ndani. Naweka pale tu zege lilipochimbika, tena Julai au Agosti likiwa limekauka. Kujua kama limekauka, gundisha kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, gundi haitashika.

Usafi wa hatua ya 2 ufanye mwishoni mwa Septemba, urudie Januari siku isiyo na mvua, kisha Aprili. Na ukimaliza kubadilisha, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike tarehe na upana wa kichwa cha T upande wa ndani wa mlango, chini karibu na kona.