Kuchapisha makala huria ukiwa Bukavu, bila kulipa ada

Nasimamia maktaba ya chuo kimoja hapa Bukavu. Maasistenti huniletea barua pepe za majarida yaliyokubali makala yao baada ya siku chache tu na sasa yanadai dola. Nawaambia wasitume kitu. Jarida la kweli huwapa wataalamu wengine makala waisome na kuikosoa, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi.

Lakini msiyakimbie majarida huria, yaani yale ambayo kila mtu huyasoma bure mtandaoni, kwa sababu ya matapeli. Makala nyingi kuhusu Ziwa Kivu zimefungwa, na mwanafunzi anayeliona ziwa hilo kila asubuhi anatakiwa alipe ndipo asome habari zake. Hilo linaniuma. Azimio la Budapest la 2002 lilitaka utafiti usomwe na kila mtu bure. Wasomaji wakapata nafuu, ila gharama ikahamia kwa waandishi: mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza yuro 9,500 kwa makala huria moja.

Kwa hiyo chagua jarida kabla ya kuandika. Anzia DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Chuja ubaki na yasiyotoza ada. Yapo mengi, na mengine hupokea Kifaransa. Ukilitilia shaka jarida, mwandikie mhariri mmojawapo kupitia anwani ya chuo chake, umuulize kama anajua kuwa jina lake limewekwa pale.

Jarida likitoza, omba msamaha wa ada. Kongo yetu imo katika Kundi A la Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi maskini machapisho ya utafiti bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi huwafutia ada waandishi wa nchi hizo. Omba kwa maandishi kabla ya kutuma makala, na jibu ulitunze. Angalia pia masharti: wachapishaji wengine humtazama peke yake mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, wengine hutaka waandishi wote watoke nchi hizo. Mwenzako wa Ubelgiji akiingia, msamaha unaweza kupotea.

Njia nyingine ni kuchapisha katika jarida lililofungwa, kisha kuweka nakala yako iliyokubaliwa na jarida kwenye HAL au Zenodo, hifadhi za makala za mtandaoni, bure. Soma kwanza kanuni za jarida, maana mengine hukutaka usubiri miezi kadhaa.

Halafu kuna leseni, yaani ruhusa unayowapa wengine kuitumia kazi yako. CC BY humruhusu yeyote kunakili, kutafsiri, hata kuuza kazi yako, mradi akutaje. Kwa vipimo vya udongo wa Kabare, naikubali kwa moyo wote. Kwa mahojiano na wanawake waliobakwa, nataka tahadhari kubwa. Kijiji kidogo, umri na mwezi wa shambulio vinatosha jirani kumtambua mama, na makala huria jirani huyo ataifungua kwa simu. Viondoe kabla ya kutuma, na umweleze mama mwenyewe, kwa Mashi, lugha ya huku, ikibidi, kwamba maneno yake yatasomwa na watu wote, hata wa kijijini kwake. Akikataa, mahojiano yake yasiingie.