Zawadi ya Idi kwa mwenzako wa kazini asiyekula ngano

Kama mwenzako wa ofisini hali gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, weka kando kaimati, visheti na tambi. Zote ni ngano. Mpelekee mkate wa kumimina: mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Kwangu mimi huo ndio wenye hadhi ya sikukuu hata kwa wanaokula kila kitu. Loweka mchele usiku, usage mwenyewe kwa blenda, maana unga wa mashineni huenda umepita palipotoka kusagwa ngano.

Ukinunua, uliza. Wapo wanaotia ngano kidogo kwenye vitumbua, na hata kashata za nazi, ili zishikane. Halua nayo hutegemea wanga uliotumika: wa muhogo au mahindi hauna neno, wa ngano uache.

Vitumbua vilivyopikwa kwa mafuta ya maandazi havifai tena. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huumiza utumbo, hata chembe hudhuru. Kwa hiyo usipange zawadi yake sinia moja na visheti vya wengine; mfungie chombo chake chenye kifuniko, umkabidhi mkononi kabla meza ya chai haijavamiwa.

Huna muda wa kupika? Tende na korosho zisizokolezwa chochote.